Daftari la Kutoka

Mteja alikuwa na mkate, miche miwili ya sabuni na kopo la maziwa ya unga. Keshia wa kaunta namba tatu alikuwa na mkojo. Alipitisha mkate kwenye mashine, ikalia pii, akabana mapaja. Akapitisha sabuni, pii, akaanza kuhesabu kimoyomoyo kutoka mia kurudi nyuma, maana aligundua mwenyewe kwamba akifika sabini bila kutikisika, ule mshtuko wa kwanza hupita. Leo alifika themanini na nne tu.

"Kaunta tatu, naomba ufunguo!" akaita.

Foleni ikaguna. Utaratibu wa duka lile ulikuwa huu: keshia haachi kaunta mpaka msimamizi aje na ufunguo, afunge droo ya pesa, atoe daftari la kijani kwenye mfuko wa sketi na kuandika saa. Ruhusa mara mbili kwa zamu. Zamu yenyewe ina urefu wa saa tisa. Aliyetunga sheria hiyo, ukiniuliza mimi, ni mtu mwenye choo ndani ya ofisi yake.

Msimamizi akaja na sketi yake nyeusi, kwa zile hatua zake fupi fupi. Mama mzima wa miaka hamsini na ushee, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akinywa maji kazini, hata siku za joto.

"Saa tatu na dakika tano," alisema akiandika. "Umeingia saa mbili, na hii ni ya pili."

"Najua, mama."

"Ungekuwa unajua, tusingekuwa hapa."

"Bomba limepasuka tena!" akasema keshia wa kaunta namba nne, na mteja wake akacheka.

Kazini wakimwita Bomba, nyumbani aliitwa Mdadisi, jina alilopewa na marehemu baba yake siku alipoifungua pasi kwa bisibisi ili aone joto linalala wapi. Udadisi huo haukumwacha hata mwili wake ulipoanza vituko, mwaka juzi, baada ya kumwachisha ziwa mtoto wa pili. Kulia alilia, usidhani, hasa siku ile alipolowa kwenye ngazi mbele ya jirani. Lakini akishafuta machozi alitaka kujua. Kwa nini mara kumi na mbili kwa siku, na kila mara unatoka kidogo tu? Kwa nini akisikia bomba la maji linafunguliwa, naye anabanwa? Na ufunguo je? Hilo ndilo lililomshangaza kuliko yote. Angetembea nusu saa kutoka kazini salama salimini, lakini ufunguo ukigusa kitasa cha mlango wake, basi, hakuna tena kungoja.

Wiki nzima alifanya jaribio. Leo anafungua mwenyewe, kesho anagonga ili afunguliwe na wifi yake, dada wa mumewe aliyekaa nao. Akigonga, anafika chooni kama binadamu. Akifungua mwenyewe, ni mbio.

"Wifi, watu wanaogopa wezi, wewe unaogopa kitasa?" dada wa mumewe alimuuliza.

"Siogopi. Nachunguza."

"Chunguza ukiwa huko huko nje. Hilo zulia nimelifua jana."

Zahanati walimpa dawa za yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Akamaliza dozi. Wakampa nyingine, kali zaidi, akaimaliza nayo. Mara ya tatu akauliza, "Lakini mkojo wangu mmeupima?" Mganga akamtazama kana kwamba ameomba kukalia kiti chake. Walipoupima, ukaonekana msafi. "Basi huumwi, mama. Ni mawazo, na umri," akaambiwa. Ana miaka thelathini na minne. Wakamwambia apunguze maji. Akapunguza, mkojo ukawa wa njano iliyokolea, unachoma, na safari zikabaki zile zile. Hilo nalo akaliweka akilini.

Ni nesi aliyekuwa akifunga dirisha la dawa ndiye aliyemvuta pembeni. "Huenda ni kibofu chenyewe kina pupa, kinataka kabla hakijajaa. Ni ugonjwa, dada, na una tiba. Mnaougua ni wengi, hamsemi tu. Nenda hospitali kubwa, kuna kliniki yake Alhamisi asubuhi. Ila usiende mikono mitupu. Andika kila unapokwenda, saa ngapi, siku kwa siku. Hilo ndilo watakalouliza kwanza."

Angeandika vipi? Kwenye kaunta kalamu hairuhusiwi, simu hufungiwa kabatini. Na Alhamisi alishaomba ruhusa mara tatu. Mara tatu alinyimwa, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku mzigo unapoingia.

Saa nne na robo akaomba ufunguo mara ya tatu. Saa nne na nusu akaitwa ofisini.

Alipanda ngazi huku akipiga hesabu. Barua mbili za onyo alikuwa nazo tayari, na ya tatu ilikuwa ndiyo kwaheri. Mumewe alikuwa akipata kibarua leo, kesho hana. Kodi ya vyumba vyao viwili na chakula cha watoto vilitegemea kaunta namba tatu.

Barua ilikuwa mezani, imeshapigwa muhuri.

"Jieleze," alisema meneja.

"Naumwa, bosi."

"Cheti cha daktari kiko wapi?"

"Daktari yupo Alhamisi."

"Alhamisi mzigo unaingia."

"Ndiyo. Hata mimi nimeambiwa hivyo."

Meneja akamgeukia msimamizi, aliyesimama karibu na mlango. "Msomee."

Msimamizi akafungua daftari la kijani. "Jumatatu. Saa tatu kasoro kumi. Saa nne kasorobo. Saa tano na dakika kumi..." Akafungua ukurasa, akaendelea. Aibu ilimchoma Mdadisi masikioni. Mkojo wake, unasomwa kama mahudhurio ya darasani! Aliinamisha kichwa, kama ilivyotarajiwa. Halafu akakiinua.

"Samahani, mama. Rudia Jumatano."

"Jumatano, mara tatu."

"Na Jumanne?"

"Saba."

"Jumatano ndiyo siku maji yalipokatika," akasema Mdadisi polepole. "Lile bomba la wafagiaji, nyuma ya kaunta yangu, halikufunguliwa kutwa nzima. Kumbe!"

"Unacheka?" aliuliza meneja.

Hakuwa anacheka. Alikuwa analitazama daftari. Miezi mitatu, siku kwa siku, dakika kwa dakika, tena kwa mwandiko mzuri. Kile alichoambiwa na nesi asiende bila kuwa nacho, kumbe kilikuwa kinatembea dukani kwenye mfuko wa sketi.

"Naomba nakala."

"Hiyo ni mali ya kampuni."

"Daftari ni la kampuni, bosi. Mkojo ni wangu."

Msimamizi alikohoa. Meneja akasukuma barua. "Saini."

Mdadisi akaisoma. "Hapa mmeandika, 'Nimesoma kumbukumbu zote na kuzielewa.' Mimi sijasoma, nimesomewa. Ngoja nisome ndipo nisaini."

Meneja akaangalia saa. Honi ya gari la mkate wa kila siku ikalia uani, akatoka akisonya. Mdadisi akachukua kalamu ya mezani, na roli ya karatasi za risiti iliyokuwa dirishani, akaanza kunakili. Karatasi ikateremka mezani mpaka sakafuni. Msimamizi alikuwa na haki ya kumzuia. Badala yake akasogea, akawa anamsomea, na pale mwandiko ulipofifia akamfafanulia.

"Ijumaa ile kulikuwa na nyingine," alisema ghafla. "Saa nane mchana. Sikuiandika."

"Kwa nini?"

"Ulikuta choo kina mtu, ukasimama mlangoni unaruka ruka."

"Nakumbuka. Huyo mtu alikaa, jamani!"

"Nilikuwa mimi. Nilifunga droo yako, nikakutangulia," alisema msimamizi, akafungua ukurasa mwingine.

Meneja aliporudi, Mdadisi alisaini. Akaambiwa akabidhi sare na kitambulisho kabla ya mchana. Kwenye makabati alikunja sare vizuri, mara mbili, kisha akaingia chooni na hakuna aliyeandika. Alipotoka akamkuta msimamizi mlangoni, akiwa amebana sketi kwa mkono.

"Huyo nesi wako," alinong'ona, "alisema siku gani?"

"Alhamisi. Asubuhi tu."

"Alhamisi zote niko zamu. Mwaka wa tisa huu."

Mdadisi akakata kipande cha roli ambacho hakikuandikwa kitu, kirefu, akamtia mkononi.

"Mimi sasa Alhamisi zote ni zangu," akasema. "Andika za kwako, mama. Nitakuulizia."