Unga wa Usipa

Siku ya Mwaka Mpya, mbele ya kijiji kizima cha Kingerikiti, mkanda wa ngoma ulikataa kufunga. Tarsisi aliuvuta, akatoa pumzi zote, akauvuta tena. Tundu la mwisho likabaki mbali na kifungo chake. Vijana wawili wakauunga kwa kamba ya katani. Ngoma kubwa ya mchezo wa mganda, ambayo baba yake aliibeba miaka ishirini, ikapanda juu ya kitambi na kukaa pale kama mtungi juu ya kata. Alipoanza kupiga, mikono haikuifikia ngozi sawasawa. Mahali pa ngurumo ikatoka sauti ya mtu anayebisha hodi huku anaogopa mbwa.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Vitalia, mkewe, alicheka pia, maana mke asiyecheka siku ile angeambiwa ana kiburi. Moyoni hakucheka hata chembe. Kitambi kile kilikuwa kazi ya mikono yake.

Tangu serikali ifungue mlango wa soko huria na wanunuzi binafsi wa kahawa waanze kupanda milima ya Mbinga na magari yao, Tarsisi alikuwa wakala wao. Alikaa kiti cha mbele. Akishuka Mbamba Bay alipumzika kwenye hoteli ya Abdulmajid, sambusa mkono huu, soda mkono ule. Akirudi nyumbani alikuta wali unaong'aa. Mafuta ya kupikia, ambayo zamani yalionjwa Krismasi na Pasaka, sasa yalijaa madukani, na Vitalia aliyamimina bila huruma. Alikuwa binti wa ziwani, na kwao alifundishwa kwamba sifa ya mke husomwa tumboni mwa mumewe. Kila mama mkwe wake alipokuja kuwatembelea alikipapasa kitambi kile na kusema, "Hapa mwanangu ameoa." Siku hizo Vitalia alilala usingizi mtamu.

Ngoma ilipokwisha, Mzee Othmar, mkuu wa wachezaji, alimwita Tarsisi pembeni.

"Mwanangu, ngoma hii ni ya baba yako, sikunyang'anyi leo. Lakini sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mwezi wa nane, tunashuka kucheza na watu wa ziwani. Kutoka ufukweni mpaka uwanja wa misheni ni mlima. Ukiibeba mpaka juu bila kuitua, itabaki yako. Ukiitua njiani, nampa kijana Ignatio."

"Nimesikia, mzee," Tarsisi alisema.

Mtu mwingine angepunguza sahani na kuongeza miguu. Tarsisi alikuwa Mkatoliki wa milimani, na kwa kila kilichozidi alijua dawa moja tu: kufunga. Kitambi akakichukulia kama dhambi. Jumatano ya Majivu, jivu bado bichi kwenye paji la uso, alisimama nje ya kanisa mbele ya wachezaji wenzake akaapa kwamba nyama, samaki na mafuta havitapita kinywani mwake mpaka siku ya ngoma. Atakula majani na ugali mdogo, basi.

"Na mimi je, baba Eunice?" Vitalia alimwuliza walipofika nyumbani.

"Wewe una nini?"

"Ukikonda, watu watasemaje?"

"Watasema mumeo amekuwa kijana."

"Watasema mengine."

Miaka ile mtu hakukonda hivihivi. Kijijini walikwisha kuzika wawili walioanza kwa kukaza mkanda wa suruali, na tangu hapo watu walikuwa wakitazamana viunoni kabla ya kusalimiana.

Wiki tatu zikapita. Kitambi kilipungua kidogo, lakini mikono ilipungua zaidi, na mashavu yakaingia ndani. Tarsisi alisinzia mbele ya sahani ya majani kama mtoto aliyerudi kutoka shambani. Jioni moja aliijaribu ngoma uani. Hakufika kwenye mti wa mparachichi. Aliitua, akakaa juu yake, akajifanya anaangalia machweo. Vitalia aliona yote kupitia dirisha la jiko.

Kesho yake bombani, Beata, dada wa Tarsisi, alimsogelea. "Wifi, kaka yangu ana nini? Kama kuna jambo tuambie mapema, sisi ni ndugu."

Vitalia alijitwisha ndoo ikiwa nusu, na hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja zahanati kwa Meshack, mganga, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Daktari, kitambi kinaweza kuondoka peke yake, mwili ukabaki?"

"Kinaweza. Na nguvu zikaongezeka, vyote kwa pamoja." Meshack alivua miwani. "Lakini si kwa majani matupu. Mwili ukinyimwa chakula hauchagui. Utakula kitambi, utakula na mikono. Mpunguzie mafuta, sukari na ugali. Umpe vya kujenga mwili: maharage, samaki, mayai. Halafu afanye kazi ya kumtoa jasho, misuli ijue inahitajika."

"Samaki ameapa kutokula."

"Na maharage?"

Vitalia alifikiri. "Maharage aliyasahau."

"Basi anza hapo, mama," Meshack alisema, akarudisha miwani.

Alianza hapo. Lakini maharage yenyewe aliyaona hayatoshi. Alimweleza mumewe maneno ya daktari, akajibiwa kwamba nadhiri ni nadhiri. Jumamosi iliyofuata akapanda gari la kushuka ziwani kwa mama yake, akarudi na gunia dogo la usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa waliokaushwa juu ya mchanga mpaka wakawa wepesi kama makapi. Kila Tarsisi alipotoka, mchi ulilia. Aliwatwanga, akachekecha, akatwanga tena, mpaka ukawa unga wa kijivu usio na macho wala mapezi. Vijiko vitatu vilizama ndani ya kisamvu bila kuacha alama. Usiku wa kwanza alijibanza mlangoni kama mwizi wa kuku, akimwangalia anavyokula. Tarsisi alitia tonge la kwanza mdomoni. Akasita kidogo. Akala, akamaliza, akaramba vidole.

"Majani ya leo yamepikwa," alisema.

Wizi wa pili ulikuwa wa mgongo. Mwezi wa tatu ndio wa kutengeneza ngoro, yale mashimo ya mraba yanayoshika udongo na maji kwenye miteremko yetu. Kila mtu anajua utaratibu: wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza, wanawake hushika majembe na kuzifukia. Asubuhi moja Vitalia aliamka ameshika kiuno, analia mgongo. Maharage yasingesubiri mgongo wa mtu. Tarsisi akachukua jembe, akaenda kuchimba katikati ya wanawake.

"Shikamoo, mama Tarsisi!" walimpigia kelele kutoka mteremko wa pili. "Kanga yako umeisahau!"

Alichimba huku masikio yakimwaka moto. Wiki ya kwanza mikono ilitoka malengelenge. Wiki ya tatu wanawake waliacha kumcheka, wakaanza kumwambia apunguze mwendo, anawaaibisha. Mgongo wa Vitalia ulipona siku shimo la mwisho lilipochimbwa.

Kufika Juni, kahawa ikianza kuiva, Tarsisi alikuwa mtu mwingine. Kitambi kilikuwa kimeshuka, mabega yamepanda. Magunia ya kahawa ambayo zamani aliyaelekeza kwa kidole, sasa aliyarusha garini mwenyewe. Watu wakamsimamisha njiani. Amekula nini? Naye akajibu, "Majani, ndugu yangu. Majani na imani."

Ah, Vitalia! Maisha yake yote hakuwahi kupika chakula kilichosifiwa namna ile, na hakuweza kufungua mdomo aseme ni chake. Alisimama kando ya mumewe akitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani.

Kumbe aliyeshika zaidi maneno yale ni Placidi, mpiga ngoma ndogo, naye mwenye kitambi chake cha haja. Akaanza majani matupu, tena bila hata maharage, ili ampite mwalimu. Wiki ya mwisho ya Julai, wakiwa mazoezini, Placidi alipiga mapigo kumi, akayumba, akaanguka kifudifudi na ngoma yake.

Jioni hiyo Hildegardi, mkewe, aliingia jikoni kwa Vitalia bila hodi. Kanga aliishika mdomoni.

"Dada, daktari amesema ni njaa tu. Nani ataamini? Nimepita njiani, wamenyamaza. Beata ameniuliza kama na mimi nimepima. Mwenzangu, wewe mumeo anakula majani hayohayo na amenona mikono. Mimi nimekosea wapi?"

Vitalia alikuwa amekalia kinu. Unga ulikuwa bado ndani. Akisema, mumewe atajulikana kijiji kizima kwamba ameivunja nadhiri, na pengine ngoma itakwenda kwa Ignatio kabla ya mlima. Asiposema, nyumba ya Hildegardi itazikwa watu wakiwa hai. Alimtazama mwenzake. Miezi mitano alikuwa ameiogopa ile midomo. Leo ilikuwa imemkuta mwingine, na yeye ndiye aliyeielekeza huko.

Akainuka, akafunua kinu. "Nusa."

Hildegardi alinusa. Macho yakamtoka. "Usipa?"

"Usipa. Kila siku tangu Kwaresima. Hajui."

"Anajua," ilisema sauti mlangoni.

Tarsisi alikuwa amesimama pale, kofia mkononi. Vitalia alitamani ardhi ipasuke.

"Mama Eunice, nimezaliwa mlimani, lakini na pua nimezaliwa nayo. Nilijua tonge la kwanza."

"Na ukala?"

"Nilikuwa na njaa." Alikaa kwenye kigoda, akajifuta uso. "Halafu mikono ikaanza kurudi, nikashindwa kuacha. Nikaenda kuungama parokia ya Mapera, maana padri wa hapa angeijua sauti yangu. Padri wa kule akaniuliza, nani amekuambia Mungu ana shida na kitambi chako? Malipizi akanipa jambo moja tu: niache kujisifu. Hayo ndiyo yaliyonishinda."

Walitazamana watatu. Hildegardi ndiye aliyeanza kucheka, na machozi bado yako shavuni, Vitalia akafuata, wa mwisho Tarsisi, cheko la aibu lililomtikisa mabega yake mapya.

"Pika mboga nyingi," alisema alipomaliza. "Tunakwenda kwa Placidi."

Walikwenda jua halijazama. Vitalia alitangulia na sufuria kichwani, wazi, harufu ya ziwa ikimfuata nyuma kama mbwa wa nyumbani, na kila aliyeuliza alijibiwa: kisamvu kwa usipa, chakula cha Tarsisi. Beata alisimama mlangoni kwake na ufagio, akarudi kufagia mahali alipokwisha kufagia. Kesho yake mazoezini Tarsisi alisimama mbele ya wenzake, akasema yote: nadhiri, usipa, Mapera. Alisema akiangalia chini, na jasho lilimtoka kuliko siku za ngoro.

Mzee Othmar alichokonoa meno. Ignatio alikuwa amesogea karibu.

"Sisi tulikuomba ubebe ngoma," mzee alisema. "Kuapa ulijiapia mwenyewe. Mlima uko palepale."

Alfajiri ya sikukuu, mkanda ulikataa kufunga tena. Safari hii ulilegea. Tundu la ndani kabisa halikutosha, ngoma ikaning'inia mapajani. Vitalia alichoma msumari kwenye makaa, akatoboa tundu jipya, vidole viwili ndani ya yale ya baba mkwe wake.

Wakaanza ufukweni, Ziwa Nyasa liko nyuma yao, kaptula nyeupe zikimeremeta. Vitalia alipanda kando na wanawake, macho hayatoki mgongoni kwa mumewe. Kwenye kona ya pili Tarsisi alipunguza mwendo. Ngoma ilianza kushuka mapajani. Ignatio akanyoosha mikono. Vitalia, bila kujijua, akaita kwa sauti kubwa, mbele ya kijiji chake na cha kwao:

"Baba Eunice, ngoro moja tu imebaki!"

Wanawake wakaangua kicheko. Tarsisi naye akacheka, akaipandisha ngoma kifuani, akapiga. Mikono ilifika. Ngurumo ikagonga mlima na kurudi ziwani, na alipiga hivyo, hatua kwa hatua, mpaka majani makavu ya uwanja wa misheni.

Mama mkwe alikuwa anasubiri juu. Alimwendea mwanawe kwa vigelegele, akanyoosha mkono wa kupapasa, kama kawaida yake, na mkono ukakuta shati. Ukabaki hewani. Kikongwe alimtazama Vitalia, akamtazama mwanawe, kisha akaupeleka mkono kwenye msuli wa bega uliolowa jasho, akaubinya kama anayechagua parachichi sokoni.

"Kumbe mmehamia huku," alisema.

Nadhiri ilikuwa imekwisha. Jioni, kwa mama yake, Vitalia alimtengea Tarsisi samaki mzima wa kuchoma, mbasa wa kujaza sahani, kichwa kwa mkia, hadharani. Yeye alikula polepole mpaka akabakiza mifupa, akanawa.

"Mtamu," alisema, kisha akainama ili wakwe wasisikie. "Lakini kesho, mama Eunice, nikitoka, nitwangie ule wa kuiba."