Jagi Moja, Bilauri Mbili

Wewe umewahi kupima kinywaji kwa futi ya kushonea nguo? Basi Mshonaji alifanya hivyo kila asubuhi, karibu wiki kumi na mbili. Alipanga bilauri mbili mezani, akazisimamishia futi yake ya njano ubavuni, akainama mpaka jicho likawa sawa na povu. Ikizidi hii, anapunguza. Ikipungua ile, anaongeza. Kisha anaita, "Mdogo wangu, njoo unywe."

Lakini asubuhi ya kipimo cha mwisho cha zahanati hakuwa na utulivu hata chembe. Meza ameifuta mara tatu. Mlango ameufunga, akaufungua, akarudi kutazama jiko kama limezimwa, na hakuna aliyeliwasha.

"Dada, utatoboa sakafu," alisema Mpishi, ambaye alikuwa ameketi zamani, viatu mguuni. "Kaa kidogo."

"Si nimekaa?"

"Umekaa huku unatembea?"

Walikuwa ndugu wa tumbo moja, wajane wote wawili. Mkubwa alishona sare za shule maisha yake yote, mdogo akapika katika shule hizo hizo. Nyumba yao ilikuwa na ngazi ya mbao na chumba kimoja juu, chenye dirisha la kutazama barabara. Hicho kilikuwa cha Mpishi. Mwaka uliopita alianguka kwenye ngazi hiyo, na kabla jeraha halijakauka akaanguka tena bafuni. Tangu hapo Mshonaji akamshusha chini, akamlaza chumba cha cherehani, kitanda kwa kitanda, na kengele ndogo kando ya mto. Mpishi akijigeuza tu, anasikia, "Unataka nini? Unakwenda wapi?"

Ndipo walipoingia kwenye utafiti wa zahanati. Mtafiti, binti mwenye kalamu sikioni, aliwaeleza taratibu. Jibini ikitengenezwa, maziwa yakishaganda hubaki maji ya rangi ya manjano iliyopauka. Zamani wengi waliyamwaga au kuwanywesha mifugo. Kumbe ndani yake mna protini nzuri ya kujenga misuli, nayo hukaushwa ikawa unga. Yeye alitaka kujua kama mzee akinywa unga huo kila siku, na mazoezi kidogo, miguu yake itapata nguvu zaidi kuliko ya mzee anayefanya mazoezi tu. Kwa hiyo nusu ya watu wangepewa unga wenyewe, na nusu unga mwingine usio na protini hiyo, unaofanana nao. Nani kapewa upi, hata yeye hajui. Orodha imefungiwa ofisi nyingine.

Siku hiyo aliuliza kila mmoja, "Ni jambo gani ungependa kuweza kulifanya tena?"

Mpishi alifungua mdomo. Mshonaji akawahi: "Huyu anataka afike sokoni na kurudi bila kushikwa mkono."

Mtafiti akaandika. Mpishi akafunga mdomo.

Pakiti za Mshonaji zilikuwa na kibandiko cha njano, za mdogo wake cha buluu. Wiki ya kwanza walikunywa kila mtu chake, lakini Mshonaji hawezi kuacha kuonja. Yake ilinukia maziwa na kutoa povu zito. Ya mdogo wake ilikuwa tamu, nyepesi, kama maji yaliyosuuziwa pipi. Ikamkaa rohoni. Yeye mzima ndiye anywe unga wa nguvu, na aliyeanguka mara mbili anywe sukari? Wiki ya pili akashusha jagi, akamwaga pakiti zote mbili humo, akakoroga.

"Dada, tuliambiwa kila mtu na pakiti yake," alisema Mpishi.

"Nyumba hii tangu lini kila mtu na chake? Kunywa."

Wakanywa. Basi leo wamekaa kwenye viti vya plastiki vya zahanati, na Mshonaji anakunja futi yake, anaikunjua, anaikunja. Mtafiti alipowaita, alipokea mfuko wao wa pakiti tupu akazihesabu.

"Hakuna hata moja iliyopungua!" akasema. "Ningekuwa na wazee sitini kama nyinyi, ningelala usingizi."

Mshonaji akaikaza futi kiganjani.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi: mikono kifuani, usimame na kuketi mara tano bila kushika kitu. Mshonaji siku ya kwanza alitumia sekunde kumi na nne. Leo kumi na mbili. Akafuata Mpishi, ambaye siku ya kwanza alitumia ishirini na moja huku akihema. Akapanda, akashuka, akapanda, akashuka, mpaka kiti kikalalamika.

"Kumi na tatu!" Mtafiti akacheka kwa furaha, akashika kalamu.

"Usiandike," alisema Mshonaji.

"Kuna nini, mama?"

"Tulichanganya. Unga wake na wangu, jagi moja. Tukagawana."

Kalamu ikalala mezani. "Tangu lini?"

"Wiki ya pili."

"Sawa kwa sawa?"

"Kwa futi," Mpishi alidakia. "Huyu hakosei hata uzi."

Mtafiti hakucheka. Alijifuta uso kwa viganja viwili. "Basi hizi sekunde nane sijui zimeletwa na unga, au mazoezi, au nini."

"Unatufukuza?"

"Siwafukuzi. Nitaandika kama ilivyotokea. Mngenyamaza, ningewaambia watu jambo nisilolijua, na mama wa mtu mahali fulani angeliamini." Akamtazama. "Lakini kwa nini, mama?"

"Wa kwangu ndio ulikuwa wenyewe. Ningeumezaje peke yangu, na huyu ndiye anayeanguka?"

"Nani alikwambia ni wako?"

"Ulimi wangu."

"Unga ule mwingine nao umetiwa harufu ya maziwa, ili usijulikane. Labda wenyewe ulikuwa wa buluu."

Mshonaji akaketi polepole. Futi ikaanguka, naye hakuiokota. "Kwa hiyo labda nilimpunja? Miezi yote hii namwondolea nusu?"

"Labda. Labda sivyo. Mimi sijui, mama, na wewe hujui."

Mpishi aliinama mwenyewe, akaokota futi bila kushika meza, akamwekea dada yake mapajani.

Mtafiti akavuta karatasi ya mwisho. "Swali ni lile lile la siku ya kwanza. Ni jambo gani ungependa kuweza kulifanya tena?"

Mshonaji alivuta pumzi, soko likiwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Akamtazama mdogo wake, akaukumbuka ulimi wake huo, akabana midomo.

Mpishi akatazama kulia na kushoto, kama mtu aliyeachiwa mlango wazi asiamini.

"Nataka kurudi chumbani kwangu, juu," alisema. "Nilale peke yangu, dada. Bila kengele."