Nenosiri la Unaisi

Kiyoyozi kilikuwa kwa ajili ya mashine, si watu, kwa hiyo Unaisi alivaa sweta la marehemu mama yake na kuandika huku vidole vikimkakamaa. Nje, mvua ya Suva, mji mkuu wa Fiji, ilipiga mabati ya karakana za Walu Bay.

Alikuwa anaandika mwongozo wa programu mpya ya kampuni. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kutunza nenosiri la msimamizi, ili mawakala wa akili mnemba, wanaofanya kazi wenyewe ndani ya kompyuta za wateja wa mbali, wasimsumbue mtu kila wanapohitaji ruhusa. Mtu analiingiza mara moja asubuhi, programu inalikumbuka.

Unaisi hakuandika jambo asilolijaribu. Alijaribu kwa nenosiri lake mwenyewe, akagundua kwamba hata ukifunga kipindi cha kazi, halisahauliki. Wakala wa kipindi kingine anaweza kulitumia, na kompyuta itasema aliyefanya kazi ni yule aliyeliingiza. Akaliandika onyo hilo juu kabisa ya ukurasa.

Praneel, mkuu wa zamu, alikuja na roti, chapati za viazi, alizofungiwa na mama yake. Akamwekea mbili juu ya karatasi.

"Kula kwanza, dada. Halafu lile onyo litoe."

"Kwani si kweli?"

"Ni kweli. Ndiyo maana wakubwa wetu wa Brisbane hawalitaki. Mteja akilisoma hanunui."

"Basi waitengeneze programu yenyewe."

"Wataitengeneza, toleo lijalo." Praneel akacheka bila raha. "Na mshahara wangu nao wataupandisha toleo lijalo."

Unaisi akalitoa. Nyumbani Kinoya alikuwa na baba aliyekatwa mguu kwa kisukari, na watoto walioachwa na dada yake. Wote walikula kwa kazi hiyo.

Habari za kifo cha mjomba wake zilimkuta kazini. Kwa msiba wa mjomba, kaka wa mama, hutumi rambirambi kwa simu. Unakwenda, na mikeka yako. Lori la kwenda kijijini Tailevu lilikuwa limeshaanza kupakiwa.

"Nenda, dada," Praneel alimwambia. "Nitakufungia kompyuta mimi."

Akafunga kila kitu kama mwongozo ulivyoagiza.

Unaisi aliporudi kutoka mazikoni, kadi yake haikufungua mlango. Wakala mmoja alikuwa amefuta orodha ya dawa za wagonjwa wa zahanati fulani huko Queensland, Australia. Wazee wawili walilazwa. Kompyuta ilisema aliyefuta ni Unaisi.

"Pole sana kwa msiba," alisema Kerrin, meneja wa Brisbane, kutoka kwenye skrini ya chumba cha mikutano, Praneel akiwa ameketi mezani. "Lakini nenosiri ni lako. Na mwongozo umeuandika wewe. Kama kulikuwa na hatari, mbona hukuitaja?"

"Niliitaja. Nikaambiwa niitoe."

"Na nani?"

"Ilitoka kwenu huko, madam. Praneel alinieleza."

"Praneel, ulimweleza hivyo?"

Mke wa Praneel alikuwa amekaribia kujifungua. Praneel akajibu akiitazama meza.

"Sikumbuki, madam."

"Basi. Ijumaa tutakaa kikao tuamue."

Nyumbani, mzee Apenisa alimsikiliza binti yake mpaka mwisho.

"Hao wagonjwa waliumia?"

"Waliumia, Baba. Lakini si mimi."

"Sijauliza ni nani. Limefanyika chini ya jina letu. Huwezi kujitetea mbele ya mtu aliyeumia kabla hujamwinamia. Tupeleke kwanza huko kazini kwako mzizi wa yaqona wa kuombea radhi. Wakishapokea, ndipo tutazungumza."

Alhamisi mzee alijifunga sulu, shuka yake ya kanisani. Mlinzi wa getini, bila kuombwa, alimbeba mgongoni kupanda ngazi za ofisi, kisha akamshusha taratibu kwenye zulia, mbele ya skrini aliyokuwemo Kerrin. Mzee akauweka mzizi wa yaqona mbele yake, akainamisha kichwa na kusema kwa Kifiji, polepole. Unaisi alitafsiri.

"Anasema tumekuja kwa unyonge. Kosa lililofanyika kwa jina letu, tunaomba radhi, tunaomba lizikwe."

"Kwa hiyo mnakubali kosa," alisema Kerrin.

"Tunaomba radhi, madam. Kwetu mazungumzo huanzia hapo."

"Radhi ya kosa lililofanyika kwa jina lako?"

"Ndiyo, lakini..."

"Mwambie baba yako nimeguswa sana. Kweli kabisa, huku kwetu watu hawafanyi hivi." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Nimeirekodi, itakwenda kwa wanasheria. Kwa kuwa umekiri, hakuna haja ya kikao cha kesho. Praneel atapokea kadi yako."

Skrini ikazimika.

Mlangoni, Praneel alisimama. Alikuwa ameunyoosha mkono kidogo kuipokea kadi, kisha akaurudisha mfukoni.

Mzee hakujua Kiingereza cha kutosha. Kwa desturi, aliyeleta yaqona hainuki mpaka aliyeletewa aseme neno la kuipokea. Kisiki cha mguu wake kilikuwa kimeanza kutetemeka kwa baridi ya kiyoyozi.

"Wamesemaje, mwanangu?" akauliza bila kuinua kichwa.

Unaisi akapiga magoti kando yake, akamfunika mabega kwa sweta.

"Bado, Baba," akasema. "Hawajajibu."

"Haya," mzee akasema. "Tusubiri."