Taulo ya Kipa

Kalinga haamini mtu, na asubuhi ile Iringa ndo kabisa. Baridi inakata masikio, dada wa gesti kawaletea wachezaji chai ya moto, Kalinga akaichukua birika akaimwaga yote kwenye maua.

"Chai ya ugenini mnainywa ya nini? Mmekuja kucheza au mmekuja kulala uwanjani?"

Wachezaji wakabaki wanaangaliana na njaa zao. Uji akaupika mwenyewe, kwa jiko alilokuja nalo kwenye Coaster toka Ubaruku.

Sio kwamba alizaliwa hivyo, mpira ndo ulimfanya. Alianzia Ilomba, beki wa kushoto, mbio kama kaiba kuku. Kihesa Nyota ya Iringa wakamwona, wakamchukua, akawachezea mpaka goti likagoma. Na madaraja ya chini si unajua yalivyo, leo mnalala darasani, kesho refa anakuja na ndala. Kashaona yai la uganga limefukiwa golini. Kashaona kipa wa timu yake kafungwa nne, jioni anacheka na waliomfunga. Alivyoacha kucheza akafundisha vijana Madibira, huko kwenye mpunga, halafu Mzee Obeid, mwenye mashine ya kukoboa mchele pale Ubaruku, akampa timu yake ya Mpunga Star. Kocha yeye, meneja yeye, mfua jezi yeye.

Sasa siku hiyo Mpunga Star wakitoka sare tu, wanapanda daraja. Wakifungwa, Mzee Obeid alishasema wazi mbele ya watu kwamba Kalinga akatafute kazi nyingine. Na wapinzani ni nani? Kihesa Nyota wale wale. Kocha wao Aroni, ambaye zamani alikuwa anakula sahani moja na Kalinga.

Kwa hiyo jamaa alikuwa macho. Na macho yake yakamwona Muhidini, kipa wake, kasimama ng'ambo ya barabara na mama mmoja kajitanda kanga. Yule mama anaangalia huku na huku, anatoa kitu kwenye mfuko, anampa. Muhidini anakificha ndani ya koti.

Kalinga akarudi kwenye jiko lake. Angemtoa golini, lakini kipa wa akiba alikuwa na malaria. Akasema moyoni, haya, tutaonana uwanjani.

Uwanjani akakataa chumba cha kubadilishia nguo, wakabadilishia nyuma ya Coaster. Mlangoni nako akakataa, wakaruka ukuta. Mashabiki wa Iringa wanazomea: "Kalinga! Mbona mlango wa kwenu unauogopa?"

Mpira ukaanza na manyunyu, ile mvua ya Iringa isiyojua kuisha. Muhidini akaitoa taulo nyeupe, mpya, akaitundika kwenye nyavu. Kalinga akaganda. Ile taulo haijui. Taulo ya timu ilikuwa ya bluu.

Kila mpira ukidakwa, Muhidini anaifuata taulo, anafuta glovu, anarudi. Alidaka kila kitu siku hiyo. Kichwa akadaka, faulo akadaka, shuti la karibu kabisa akalitoa kwa vidole. Mwingine angefurahi. Kalinga akawa anawaza tofauti: huyu wanamlea. Wanasubiri dakika za mwisho, hiyo taulo ifanye kazi iliyotumwa.

Kipindi cha pili mvua ikakolea. Bado bila bila. Kalinga akashindwa kuvumilia. Akaokota fimbo, akazunguka uwanja na goti lake bovu, akafika nyuma ya goli, akaichomoa taulo kwa ncha ya fimbo kama mtu anatoa nyoka ndani ya nyumba. Akaitupa nje ya ukuta. Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko.

"Kocha! Glovu zimelowa, nitafutia nini?"

"Futia jezi! Unadhani sijakuona asubuhi?"

Jezi yenyewe inachuruzika maji. Dakika za mwisho ikapigwa krosi, krosi laini tu ya kudakwa na mtoto. Muhidini akaruka, akaushika mpira. Ukateleza kama sabuni, ukatumbukia wavuni. Mpira ukaisha hapo.

Wakapanda Coaster, safari ya kurudi. Wameteremka mlima mpaka Ipogolo ndo Mzee Obeid, aliyekaa mbele, akageuka. "Nataka kujua nani kauza mechi."

"Muulize kipa wako," Kalinga akasema haraka. "Mama aliyempa ile taulo ni nani?"

Muhidini alikuwa siti ya mlangoni, bado na jezi mbichi. "Ni mama mdogo wangu, Mwantumu. Anauza mitumba sokoni. Ile ya bluu ilichanika, nikamwomba nyingine. Nikaificha ili usinimwagie kama chai."

Kuna mtu nyuma akacheka, akajikohoza.

"Sawa," Mzee Obeid akasema, macho kwa Kalinga. "Sasa wewe nijibu. Kocha gani anamnyang'anya kipa wake taulo, mvua inanyesha, sare inatupandisha? Tena mbele ya timu aliyowahi kuichezea?"

"Mzee, mimi nilikuwa nawalinda!"

"Unatulinda na taulo?"

Simu ya Kalinga ikaita. Jina la Aroni likawaka kwenye kioo, kila mtu kaliona.

"Pokea," Mzee Obeid akasema. "Weka sauti kubwa."

Kalinga akapokea, akaweka sauti kubwa.

"Kamwene, kaka!" Aroni huyo, nyuma yake watu wanaimba. "Leo umetubeba, bwana! Ile fimbo tumecheka mpaka basi. Achana na mchele, rudi nyumbani, kuna timu ya vijana hapa inakusubiri!"

Simu ikakatwa. Dereva akapaki pembeni bila kuambiwa.

"Anatania huyo," Kalinga akasema. Hakuna aliyemwangalia. Akamgeukia kipa. "Muhidini, waambie basi. Wewe unanijua."

"Nitawaambia nini, kocha? Hata mimi nilidhani unanijua."

"Kalinga," Mzee Obeid akasema, "shuka."

Akachukua jiko lake. Muhidini akamfungulia mlango, akasogeza miguu apite.

"Pole pole, kocha. Hiyo ngazi imelowa."