Njia Iliyopigwa Fundo

Jumamosi, baada ya usafi wa kanisa, skauti wa kijiji cha Kibabi hufanya mazoezi ya mafundo kwenye kiwanja kilicho nyuma ya sakristia. Huanza na kamba za katani: fundo la kuunganisha, fundo la kumfungia ng'ombe, fundo la kumteremshia mgonjwa. Wakimaliza, shefu Viateur, kiongozi wa kikosi chao, huwapeleka kwenye njia inayopanda mashambani, na hapo kila mvulana huipiga fundo njia yenyewe.

Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka zamu ilikuwa ya Niyonsenga, mwana wa Nsengimana. Alipiga magoti, akaingiza vidole chini ya kingo zote mbili za njia, akainua. Njia ilikuja nzito kidogo kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha, na changarawe zikamdondokea magotini. Akapitisha sehemu moja chini ya nyingine, akavuta, akajifuta mikono kwenye kaptula. Kuku mmoja wa katekista, akiteremka kutoka juu, alitembea mpaka penye fundo, akajikuta anapanda kule alikotoka. Viateur alisema fundo limelegea, ila linafaa.

Ujuzi huu Viateur aliuleta kutoka Walikale, miaka aliyokuwa akichimba mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya Omate. Huko msituni watu huipiga fundo njia nyuma yao ili chui asiwafuate, na yeyote afuataye hugeuzwa arudi alikotoka bila kujua aligeukia wapi. Kukatiza porini hakusaidii, kwa sababu pori hukunjwa pamoja na njia. Anayeweza kulifungua fundo ni yule tu aliyelipiga. Barabara kubwa ya kwenda mji wa Kitshanga haipigiki. Ina mawe mengi mno, na pikipiki haziipi nafasi. Wazazi wa Kibabi walipoonyeshwa jambo hilo mara ya kwanza waliuliza tu kama litaharibu mifereji ya maji. Viateur akasema halitaharibu. Basi likaingia kwenye masomo ya skauti, kwa kuwa skauti walikuwa na mafundo tayari.

Wavulana walilitumia kambini na kwenye michezo, kuzuia mbuzi, na siku moja kumzuia mwalimu wa hesabu. Mashambani hawakwenda. Huko walikwenda wasichana na mama zao, kwa sababu ndivyo kazi zilivyogawanywa tangu zamani, na hakuna aliyekumbuka kikao kilichozigawanya. Mashamba yenyewe yalikuwa mbali, ng'ambo ya mikaratusi, maana ya karibu yalikuwa yamezungushiwa nyaya za malisho ya ng'ombe. Na baada ya mikaratusi kulikuwa na wanaume wenye bunduki. Kabla ya Kwaresima, Adelaïde, binti wa Jeannette, jirani wa kina Niyonsenga, alikwenda kuchimba viazi na hakurudi. Kitunga chake kilikutwa kimesimama wima, viazi vimefunikwa majani vizuri ili jua lisivichome.

Tangu siku ile Uwingabire, dada mkubwa wa Niyonsenga, aliogopa. Aliamka jogoo la kwanza na hakulala tena. Alijifunza kuzitambua nyayo za kila mtu wa kijiji kwa kuzisikia tu nyuma yake, ili ajue zipi si za kijijini. Na bado alikwenda, kwa sababu nyumbani kulikuwa na watu wa kula na maharagwe hayajichumi.

"Papa, na miye nataka kuingia mu skauti," alimwambia baba yake wakiwa wanakula bugali na sombe ya majani ya muhogo.

"Skauti iko ya batoto banaume."

"Banafundishwa kupiga njia fundo, na ku mashamba habaendi. Siye banamuke njo tunaenda."

Nsengimana alimpenda sana binti yake, na kwa upendo huo alimwongezea sombe. Akasema jambo hilo atalipeleka kwenye kamati ya wazazi, ambayo yeye mwenyewe alikuwa mjumbe.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa parokia, mvua ikipiga bati hivi kwamba kila mtu alilazimika kupaza sauti, na hata mambo ya kunong'ona yakasemwa kwa kelele. Waliulizana msichana atavaa kaptula au sketi. Waliulizana atalala hema gani. Mmoja alikumbusha kwamba mjini wasichana wana chama chao wenyewe, basi na wa Kibabi wangoje mpaka chao kifike. Kisha akasimama katekista Hakorimana, mtu mwenye ng'ombe wa maziwa na sauti ya kusomea masomo ya misa.

"Mambo ya hema si kitu," alisema. "Miye naogopa kingine. Mutoto mwanamuke akijua kupiga njia fundo, siku ya ndoa bakwe batatembea mupaka mangaribi bila kufika. Na siku atagombana na bwana yake? Bwana anaenda kukunywa kidogo, anarudia, haone nyumba!"

Watu walicheka. Wanaume walicheka wakitazamana, kila mmoja akiwa ameanza kuwaza mambo ya nyumbani kwake.

Verdiane, mama yake Uwingabire, hakucheka. "Shefu Viateur," aliuliza, "weye nani alikufundisha?"

"Bawindaji ba kule Walikale, mama."

Haikuwa kweli. Aliyemfundisha ni mwanamke aitwaye Elisabeth, mpishi wa wachimbaji, aliyekuwa akiipiga njia fundo kila akirudi na kuni, na ambaye alicheka mpaka machozi alipoona jinsi mikono ya Viateur ilivyokuwa mizito. Viateur aliona ukumbi ule si mahali pa kumtaja. Nsengimana naye, aliyelileta jambo lenyewe, aliviangalia viatu vyake mwenyewe. Ikaamuliwa kwamba wasichana hawataingia, lakini kila anayekwenda shambani atasindikizwa na skauti, ambaye ataipiga njia fundo nyuma yake. Uamuzi ulipigiwa makofi, na watu wakatoka wakiwa wamejipenda.

Kusindikizana kulidumu mpaka mashindano ya mpira yalipoanza. Asubuhi moja Niyonsenga alimfikisha dada yake penye mikaratusi, akasimama.

"Fika na miye mupaka kule juu," Uwingabire alimwambia.

"Niko na mechi."

"Mechi iko mangaribi."

Niyonsenga aliitazama ile miti. "Naogopa, dada," alisema, akateremka mbio.

Alisema kweli. Tofauti yao ilikuwa kwamba yeye aliruhusiwa kurudi nyumbani na woga wake.

Siku hiyo Uwingabire alipalilia, akachuma maharagwe, akaanza kuteremka jua likiwa bado kali. Nyuma yake akasikia nyayo. Zilikuwa za buti za mpira, za watu wawili, na si za kijijini. Mmoja alikuwa anapiga mluzi wimbo wa kutolea sadaka. Uwingabire alisimama kama anayerekebisha kandambili. Nyayo zikasimama, mluzi ukaendelea. Akatembea, zikatembea. Mkojo ulimtoka na hakuujali.

Aliinama, na safari hii nyayo hazikusimama. Alikuwa amemtazama mdogo wake akifanya mazoezi uani mara nyingi, yeye akipepeta maharagwe. Akaingiza vidole chini ya kingo. Juu njia ilikuwa na vuguvugu la jua, chini ilikuwa baridi, na ilikuwa ikitetemeka kwa hatua zao. Hakujua kwamba skauti hufundishwa kungoja mpaka asiwepo mtu juu ya sehemu inayoinuliwa. Aliinua yote pamoja nao, akapitisha, akapitisha tena kwa kuwa hakuamini, akavuta mpaka ukucha ukang'oka. Alipoinua macho wale wanaume walikuwa wanamjia, mwenye mluzi akimkonyeza. Kisha akaona migongo yao. Kisha nyuso tena, mbali kidogo. Mluzi ukaenda, ukarudi. Uwingabire akajitwika kitunga akaenda nyumbani.

Kesho yake kijiji kizima kiliusikia mluzi. Ukisimama kwenye kiwanja cha kanisa uliusikia ukipanda na kushuka kule kilimani, sadaka isiyokwisha. Viateur alikwenda kulitazama fundo, akalipapasa kwa muda mrefu. Alirudi akasema kwamba hakuna kijana wake aliyewahi kukaza vile, na kwamba yeye mwenyewe hajui kulipiga likiwa na watu ndani. Kamati ikampongeza Niyonsenga. Fundo lilipaswa kuwa la skauti, na skauti wa nyumba ya kina Uwingabire alikuwa yeye, basi Jumapili baada ya misa akabandikwa beji begani. Aliinamisha kichwa. Uwingabire alipiga makofi pamoja na wengine, kidole kimefungwa kitambaa. Hakudai kitu. Mashambani hakukuwa na njia ya kwenda, nyumba ilikula viazi vya akiba, na kwa mara ya kwanza tangu kabla ya Kwaresima alilala mpaka kulipokucha.

Shida ilikuwa maziwa. Ng'ombe wa Hakorimana walikuwa ng'ambo ya fundo, na mchungaji wake aliteremka na madumu kila asubuhi akajikuta amerudi malishoni. Maziwa yakaganda, na Hakorimana akanuna hata kwenye sala. Halafu akaja mjumbe wa wale wenye bunduki kwa pikipiki, kwa barabara kubwa. Alivua kofia, akakataa kiti.

"Komanda anabasalimia," aliwaambia wazee. "Bantu betu babili banabakia mu njia yenu. Anaomba mubaachilie. Siku ya soko ya Kitshanga ikipita bila kubaona, tutakuja kubatafuta siye wenyewe, kwa hii balabala kubwa."

Akavaa kofia, akaaga kwa adabu.

Kijiji kiliogopa, na kilikuwa na haki ya kuogopa. Wengi walikwisha kulala chini ya maturubai ya kambi ya wakimbizi kule Kitshanga, na walijua maturubai yanavyovuja. Kamati haikuona haja ya kukaa. Walikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Nsengimana, maana ghafla kila mtu alikumbuka fundo lile ni la nani.

Nsengimana alimkuta binti yake akiosha masufuria.

"Mwana yangu, uende ufungue."

"Nikifungua, beko mu ndani, Papa."

"Najua."

"Banajua sura yangu."

"Najua, mwana yangu." Alikuwa analia akisema hivyo. "Lakini siye bote tutakusindikiza."

Na kweli walimsindikiza wote. Verdiane alimshika mkono njia nzima. Walipofika penye mikaratusi Hakorimana alisema hapa panatosha, kwa sababu wale wanaume wakiona watu wengi watadhani ni vita. Kila mtu aliona amesema la maana. Mama akauachia mkono. Uwingabire akapanda peke yake, mluzi ukimjia na kumwacha. Akapiga magoti mbele ya fundo lake.

Hapo Viateur, kama linavyotaka somo la usalama wa kikosi, alimgusa Niyonsenga begani.

"Piga fundo hapa, nyuma yake. Basifike ku kijiji."

Niyonsenga akalipiga. Verdiane hakumwona, alikuwa anamtazama binti yake. Lilikuwa fundo zuri kuliko lile la baada ya Pasaka; kijana alikuwa amefanya mazoezi.

Uwingabire alilifungua lake. Njia ikanyooka, vumbi likapanda, na wale wanaume wakayumba kama watu walioshuka kwenye lori. Mluzi ukanyamaza. Uwingabire akageuka akakimbia. Aliiona mikaratusi, akamwona mama yake, akaiona skafu ya mdogo wake na bati la kanisa kule chini. Alikimbilia huko kwa nguvu zote, na mara bati lilikuwa mgongoni mwake, na mbele yake walikuwa wale wanaume, karibu zaidi. Akageuka tena.

Verdiane alimwona mwanawe akija, kisha akamwona akienda. Ndipo akaelewa. Alianguka juu ya fundo akalichimba kwa kucha, lakini siye aliyelipiga.

"Fungua!" alimpigia kelele Niyonsenga. "Ule iko dada yako! Fungua!"

"Ngoja," Viateur alisema. "Bado."

Niyonsenga alimtazama mama yake, akamtazama shefu wake. Alikuwa ameapa mbele ya altare, vidole vitatu juu, kwamba atamtii shefu bila kubisha. Machozi yalimfika mpaka kidevuni. Akangoja.

Jioni aliambiwa afungue, akafungua. Njia ilikuwa imenyooka na safi, na haikuwa na mtu. Mchungaji wa Hakorimana akapita na madumu yake, akasalimia.

Mwezi uliofuata swali la wasichana liliulizwa tena ukumbini, safari hii na padri mgeni aliyekuwa hajui mambo ya kijiji. Hakorimana alimjibu kwamba halina haraka, kwa kuwa hakuna msichana anayeomba. Viateur aliongeza kwamba siku hizi kikosi kinajifunza fundo jipya, lile linalopigwa watu wakiwa ndani, na kwamba fundo hilo linahitaji mikono ya mwanaume. Wakapiga kura, na Nsengimana akainua mkono pamoja na wenzake. Verdiane hakuwepo. Maharagwe yalikuwa yamekomaa na nyumba ile haikuwa tena na mtu wa kuyachuma, kwa hiyo saa ile alikuwa ameshaipita mikaratusi na kitunga chake, na nyuma yake njia ilikuwa wazi kwa yeyote.