Saa ya Kinshasa Kwenye Njia ya Kabimba

Mashindano yale yalikuwa ya ajabu: anayekimbia anashindwa. Mubelgiji mmoja aliyependa magari ya zamani alikusanya yote yaliyokuwa bado yanatembea Kalemie, pamoja na machache yaliyokuwa yanasukumwa, akasema tutakwenda Kabimba na kurudi kwa mwendo uleule, kilometa thelathini kwa saa, si juu, si chini. Ukichelewa kwenye kituo unakatwa pointi. Ukiwahi unakatwa mara mbili. Peugeot yangu 403 ilizaliwa kwa kazi hiyo, maana ikipita thelathini ilitetemeka kama mwenye malaria.

Wengi tuliingia kwa sababu ya esanse. Treni ya mafuta ilikuwa imelala Kabalo kwa majuma, na kila gari lililoandikishwa lilijaziwa tangi bure. Mimi nilitamani pia zawadi, matairi manne mapya. Yangu yalikuwa yamebaki na jina tu.

Tulikuwa tumejipanga mstarini, namba saba imepakwa nyeupe kwenye milango ya mbele ya gari langu, wakati shemeji yangu Adalbert alipotokea mbio kutoka misioni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Symphorien! Redio, phonie ya Kabimba, imeita. Bertille…"

Bertille ni mdogo wangu, mke wake. Alikuwa amekwenda Kabimba kwenye matanga ya shangazi yetu na tumbo lake kubwa, nami nilimtania kwamba anapeleka gunia la simenti kwa watu wanaotengeneza simenti. Sasa uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi, na mtoto amekaa vibaya. Mkunga alisema lazima apasuliwe, na wa kupasua yuko Kalemie tu. Asipofikishwa leo, wanakwenda wote wawili.

"Panda," nikamwambia.

Kilometa thelathini kwa saa nikaziacha palepale mstarini. Gari likatetemeka, Adalbert akashika dashibodi kama anaizuia isianguke, vumbi likaingia kila upande.

Katikati ya njia kulikuwa na barriere ya askari, mti mrefu umelazwa juu ya barabara. Waliokuwa wametayarisha mashindano walikuwa wameifanya kituo, na mkubwa mmoja alikuwa ametoa amri: gari la mashindano lisipite kabla ya dakika yake, tusije tukashindana mbio na kugonga watoto na mbuzi wa watu. Askari wa pale alikuwa kijana, ameshuka kutoka Kinshasa juma lile lile. Viatu vyake vilikuwa bado vinang'aa.

"Namba saba," akasoma kwenye karatasi. "Saa tatu na dakika kumi. Mumefika mbele ya saa. Mungoje."

"Shefu, tuko na mugonjwa," Adalbert akasema.

Askari akachungulia ndani. "Iko wapi?"

"Iko Kabimba. Tunaenda kumubeba."

"Basi mukimubeba, nitamuona."

Tukangoja. Adalbert alizunguka gari kama mtu aliyepoteza funguo. Ilipofika saa tatu na dakika kumi alimkimbilia askari akamwonyesha saa yake ya mkononi. Askari akatazama ya kwake, kwa utulivu.

"Bado. Hapa ni saa mbili na dakika kumi."

Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. "Shefu, hiyo saa ya Kinshasa! Huku jua linatutembelea sisi kwanza. Sogeza mushale mbele, tupite."

"Saa ya Kinshasa haiko saa?"

"Iko saa, lakini ya Kinshasa."

"Na Kinshasa njo mukubwa wa inchi, ao Kalemie njo mukubwa wa inchi?"

"Hata jogoo wa hapa wanajua, shefu. Muulize yeyote, atakuambia saa bila hata kuwa na viatu vipya."

Hakucheka. Alishusha bunduki begani, akaketi kwenye jiwe, akailaza kwenye magoti. "Weye unakatala saa ya serikali. Mumetoka Moba, ninyi?"

Miaka ile waasi walikuwa wameingilia Moba, na swali hilo lilikuwa limekwisha kuzika watu. Adalbert alipiga magoti kwenye changarawe, mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu. Askari akatazama pembeni.

Chevrolet ya Papa François ikafika nyuma yetu. Yule mzee alikuwa amestaafu kazi ya reli, na saa yake ya mfukoni aliipenda kuliko jirani zake. Akaitoa, akaieleza, akaapa. Gari lingine likafika, na lingine. Saa zote zilisema neno moja.

"Mumepanga," askari akasema. "Mumesikilizana huko mulikotoka."

Jua likapanda. Adalbert alikuwa amekaa chini, ameegemea gurudumu, midomo inakwenda bila sauti. Ndipo lori la simenti likaja kutoka Kabimba, likapiga honi. Askari akainua mti, likapita, akaushusha.

"Na hilo, shefu?" nikauliza taratibu, kama ninayeongea na mama mkwe.

"Hilo haina namba. Amri yangu ni ya gari za namba."

Nikachukua bisibisi. Rangi ya gari langu niliipaka mwenyewe, kwa brashi, mwezi mzima. Niliiparua pamoja na saba yake mpaka bati likaonekana.

Papa François akanisogelea. "Unajitoa, mwanangu? Na matairi?"

"Papa, nisaidie mlango wa pili."

Mzee akatoa ufunguo wa Chevrolet yake, akaanza kuparua.

Askari akazunguka gari, akapitisha kiganja kwenye mlango huu, kisha kwenye ule. Namba hakuiona. Akainua mti.

Hatukufika Kabimba. Tulikutana nao njiani, wajomba wanne wamebeba kitanda mabegani, Bertille juu yake, uso una rangi ya majivu.

"Yaya, kaka yangu," akaniambia, "umechelewa."

"Nilisimama kutengeneza rangi ya gari."

Alibana meno, lakini mdomo ulicheka kidogo. Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Adalbert.

Kwenye barriere magari ya mashindano yalikuwa yamejaza njia yote. Nilipiga honi bila kuachia. Bertille akalia, sauti ndefu iliyotoka chini kabisa, na askari akaisikia. Hakuuliza saa. Aliinua mti kwa mkono mmoja, akawapigia kelele wenye magari, na yeye mwenyewe akasukuma Chevrolet mpaka ikaingia kwenye majani. Tukapita.

Hospitali walimwingiza mbio. Sisi tukabaki kwenye veranda, na Adalbert akavaa kiatu chake cha pili, ambacho kumbe alikuwa hajakivaa siku nzima.

Jioni daktari alitoka. Mama ataishi, alisema. Mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa amechoka kabla hamjafika, alisema, hana muda mrefu wa kuishi.

Adalbert alijiinamia. Bertille alikuwa ameamka, anauliza mtoto yuko wapi, na masista walikuwa wanatazamana.

"Ingia wewe," Adalbert akaniambia. "Wewe njo unajua kusema."

Nikaingia. Nikavuta kiti, nikaketi karibu na kichwa chake. Alinigeuzia macho, akangoja nimtanie. Badala yake nikamshika mkono.

Akageukia ukuta.