Nusu Kidonge cha Nasri

Twahira alikuwa fundi cherehani wa Sokon One. Asubuhi hiyo alikwenda ofisi ya bima pale Themi, maana dirisha la dawa la hospitali lilikuwa limemnyima dawa za presha ambazo daktari alimwandikia anywe kila siku, likisema bima hulipia tu zilizothibitishwa kuwa za muda mrefu.

Karani, binti aitwaye Vaileth, alimsomea mkataba. Dawa ya muda mrefu ni ile ambayo mgonjwa ameitumia mpaka mwisho wa maisha yake.

"Sasa mimi nitathibitishaje?" Twahira aliuliza.

"Kwa sasa huwezi, mama. Bado uko hai."

Alasiri akamweleza mumewe, Nasri, aliyekuja kumtembelea kama kawaida yake tangu azikwe. Nasri naye aliandikiwa dawa hizo hizo, naye alikataliwa. Akawa anazinunua mwenyewe na kukata kidonge nusu ili zisiishe upesi, mpaka siku alipoanguka dukani kwake.

"Basi mama Salwa, mimi nina sifa," alisema. "Kesho twende wote."

Wakaenda. Vaileth alimwamkia Nasri shikamoo, akampangusa udongo begani, kisha akamuuliza kama alitumia dawa mpaka mwisho.

"Nusu nusu," Nasri alijibu.

"Nusu nayo ni kutumia, baba." Akagonga muhuri. Halafu akainama karibu, kama anayeuliza jambo alilolifikiria siku nyingi. "Huko mliko bado mnaumwa?"

"Hapana. Presha yangu iliisha siku ile ile."

Vaileth alitikisa kichwa. Mkataba haukuuliza habari za kupona.

Tangu hapo Nasri huchukua dawa zake kila mwezi na kumpa mkewe, naye humeza kidonge kizima. Presha ya Twahira imeshuka. Ofisi nayo imeweka benchi la marehemu, upande wenye kivuli. Walio hai wanakaa lile la zamani.

Juzi mjane mmoja kutoka miteremko ya Meru, Anyesi, mgonjwa wa kisukari, alilisogelea benchi la kivulini alipokaa Nasri.

"Kaka, huko hujamwona mume wangu, Loishiye?"

"Nimemwona. Hajambo. Alikuwa anatumia dawa gani?"

"Hakuna. Hata kichwa hakikuwahi kumuuma. Aligongwa na lori."

Nasri alimtazama kwa huruma. Vaileth akaliita jina la Nasri. Akainuka, akampita Anyesi taratibu, akaenda kuchukua dawa.